Ule Mwaka Nilienda Goma na Kompyuta ya Deo

Juzi Deo alirudi kutusalimia. Nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo, pa baraza, nikasikia mutu anakohoa ku mulango, ile kukohoa ya mutu wa ofisi, "ehem," kama vile anaomba ruhusa hata kwa mulango yenyewe. Nikasema bila kuinua kichwa: "Ingia Deo, mulango haiume." Akabaki amesimama. "Bon, Mama Hawa, umejuaje ni mimi?" Na mi nikamujibu na sauti yake yeye, ile ya kupitia mu pua: "Bon, Mama Hawa, donc, umejuaje ni mimi?" Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Nywele yake imekuwa nyeupe, tumbo imekuja, ameoa mwanamuke wa Nyundo anayemulisha vizuri, na huyo mwanamuke alikuwa nyuma yake amebeba mukungu ya ndizi kama zawadi. Tukakaa, tukakunywa chai ya tangawizi, tukasengenya wapangaji wa sasa. Ndipo Deo akaniambia iko na kompyuta mupya, yenye nguvu, na ile ndege yake sasa inateleza kama mafuta. "Inaonyesha hata mawingu, Mama. Hata kivuli ya mawingu juu ya ziwa. Siku moja uje uone." Nikasema nitakuja. Muke wake akauliza, "Ndege gani?" Na sisi wawili, kila mutu akaangalia kikombe yake. Tangu siku hiyo ule mwaka umerudi, umekaa mu nyumba kama mugeni asiyesema ataondoka lini.

Mambo ya baba yangu na mama yangu sitasema. Zingine munazijua, zingine hazifai. Na usichana yangu pia muiache, ilipita nikiwa na mafurushi ya vitenge ku kichwa, naenda Goma, narudi Gisenyi, naenda, narudi, sikupata hata nafasi ya kujiangalia mu kioo. Watu wengine wanasema walikuwa watu wakiwa na miaka ya ujana. Mi hapana. Mwaka ulionipika mimi ulinikuta nikiwa na wajukuu, magoti yanalia, meno yamepungua. Ni ule mwaka wa Corona, walipofunga bariyeri ndogo, ile ya mupaka wa Rwanda na Congo.

Kabla ya hapo, kuvuka ilikuwa kitu gani? Nilikuwa nainjika maharagi ku mbabula ya makaa, naenda Birere, kule Goma, kwa Yaya Mwamini, dada yangu mukubwa, nakunywa chai yake, tunagombana, narudi, maharagi bado ni magumu. Ilikuwa karibu hivyo. Kila asubuhi nilimupitia mbele ya kwenda sokoni. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, juu ya ile mawe nyeusi ya volkano, na mu chumba ya mbele palikuwa kiti moja tu nzuri, na hiyo kiti ni yake. Mi nilikaa juu ya ndoo. Mimi mwenye umri huu, juu ya ndoo! Na yeye anapiga kelele toka ku kiti, na ile sauti yake kubwa ya kuitia watu wa ng'ambo ya ziwa: "Mudogo! Hiyo chai unakunywa ao unaiogopa? Hawa wanaume wa Gisenyi wamekufundisha kunywa kama ndege!" Moyo yake ilikuwa imechoka, miguu imevimba, lakini sauti, eh, sauti haikujua kama mwenyewe ni mugonjwa.

Walipofunga mupaka walisema ni kwa muda kidogo. Tulikaa tukingojea. Watu wa vitenge, watu wa nyanya, watu wa maziwa, wote tulikuwa tunashuka mpaka karibu na bariyeri kuangalia tu, kama vile ukiangalia sana itaona haya na kufunguka. Polisi akiniona ananiambia kwa upole, "Mukecuru, taha," mama muzee, rudi nyumbani. Toka pale unaona moshi ya majiko ya Goma. Unasikia muziki yao. Mutoto anaweza kutupa mupira ikaanguka kule. Na Yaya wangu yuko pale nyuma ya yale mabati, na simu tu ndiyo inapita. Na simu yenyewe, Yaya hakuiamini. Alikuwa anailalamikia hivi: "Mudogo! Simu haina uso! Mi sijui kama unanisikiliza ao unachambua mboga!" Na kweli nilikuwa nachambua mboga. Binti yake, Zaina, ndiye alikuwa anamulinda. Zaina yeye iko na ile sauti ya kulia hata akiwa na furaha: "Mama mudogooo, shikamooo." Kwa hiyo siku alipoanza kulia kweli, nilichelewa kuelewa. Aliniambia Yaya sasa hawezi kulala chini, analala amekaa ku kiti yake, akilala anazama mu maji.

Niwaambie sasa hivi, ili musikae mukingojea: bariyeri ilifunguka Yaya akiwa ameshazikwa. Ndivyo ilikuwa. Sitaki muniangalie na ile macho. Ninachotaka kuwaelezea ni kile kilichotokea mbele ya hapo, maana hiyo watu hawaijui, hata watoto wangu walidhani ni mambo ya uzee.

Deo alikuwa mupangaji wangu, mu kile chumba cha uwani. Mutu wa miaka hamsini hivi, mupole, bila muke wakati huo, muzaliwa wa kule juu Masisi, ndani ya Congo, aliyekuja huku na wale waliorudi Rwanda. Alikuwa anafanya kazi ya kuandika makaratasi ya watu mu kompyuta, na walipofunga ofisi akarudi nyumbani na kazi yake yote. Mchana ilikuwa kimya. Lakini jioni, mi nikiwa ku mbabula chini ya dirisha yake, nilikuwa nasikia: "Vvvvvvv." Halafu Deo anaomba kwa sauti ya chini: "Songa. Songa, ma chérie. Usinifanyie hivyo. Hapana, hapana, hapana… ayi!" Kisha kimya. Kisha tena: "Vvvvvv. Pole pole, ma chérie. Inua kichwa." Nikasema, Mana yanjye, Mungu wangu, huyu mutu mupole ameficha mwanamuke mu nyumba yangu, na huyo mwanamuke ni mugonjwa. Nikachukua sahani, nikaweka bugari na sambaza, zile dagaa za ziwa letu, maana mutu hawezi kwenda kuchunguza na mikono mitupu, nikagonga na kuingia mbele hajasema karibu. Mwanamuke hakuna. Kuna Deo peke yake, jasho inamutoka, amekaa mbele ya kompyuta. Na mu kompyuta kuna dirisha ya ndege, na mu dirisha kuna maji mengi ya buluu, na pembeni milima.

Nikaweka sahani chini. Nikasogea. Ile kona ya maji, ule mulima uliochongoka. Nikasema, "Deo, hii si ziwa Kivu?"

"Ni Kivu, Mama."

"Na kule mbele?"

"Kule ni Goma."

"Basi nipeleke."

Akaanza kucheka, halafu akaona uso wangu akaacha. Akashika kile kijiti cha kuongozea, tukaondoka. Lakini hatukufika. Ile ndege ilikuwa inaenda kama mutu mwenye kwikwi. Picha inasimama, unangoja, unangoja, halafu unaruka mbele, ghafla uko pahali pengine. Deo anageuza, haigeuki. Anaacha, inageuka mara mbili. Tukasimama juu ya ziwa kama picha ya kalenda, na picha ilipotembea tena tulikuwa ndani ya volkano ya Nyiragongo, ndege nzima. "Voilà," Deo akasema, na huzuni ya mutu aliyemwaga maziwa. "Hii programu ya kuendesha ndege ni nzito sana, Mama. Inachora ulimwengu wote, na inachora upya kila mara unavyosogea. Mashini yangu ilikuwa ya kuandika barua. Niko naiomba ibebe mulima na ziwa na hewa." Nikamuuliza kama hiyo haiwezi kupona. Akasema, "Kupona inaweza. Kukimbia, sijui."

Kesho yake nilimwambia Yaya kwa simu, kama mchezo tu: "Ngoja, Yaya, nitakuja na ndege. Deo iko anaitengeneza." Akacheka mpaka akakohoa. "Ukikuja na ndege usitue! Hapa kwetu hakuna nafasi, utaniharibia nguo zangu ku kamba! Pita tu juu, mi nitatoka nikupungie." Ilikuwa mchezo. Lakini siku iliyofuata, mbele hata ya salamu: "Ndege imepona?" Na siku nyingine: "Huyo fundi yako analala? Ndege imepona?" Mpaka Zaina akanichukulia simu pembeni akaniambia, na ile sauti yake: "Mama mudogooo, siku zingine hataki kula, hataki dawa, hataki mutu aongee. Neno moja tu anauliza. Anauliza ndege." Basi mchezo ukaisha hapo. Nikaenda kwa Deo nikamwambia, Yaya wangu ananingoja, na moyo yake haitangoja sana. Nikamwambia mupaka utafunguliwa siku ya kupenda kwao, lakini hii ndege yako, we ndiye bariyeri yake. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Bon," akasema. "Donc tunaanza na joto."

Alishika ubavu ya ile sanduku ya kompyuta akanivuta mukono niguse. Ilikuwa inaunguza kama pasi. Akanieleza: mashini ikipata joto sana, yenyewe inajipunguza mwendo ili isife. Akaifungua. Yebaba wee! Ndani ilikuwa kama bomba ya moshi. Vumbi yetu ile nyeusi ya mawe, imechanganyika na masizi, imekuwa blanketi, na kile kifeni cha kupoza kilikuwa kimefungwa koo. Deo akaangalia yale masizi. Akaangalia dirisha. Chini ya dirisha kuna mbabula yangu. Huyo mutoto wa watu alifuta tu miwani mara ya pili. Nikahamisha mbabula nyuma ya tangi ya maji, na kwa mara ya kwanza tangu nijenge ile nyumba nilipika nikiwa sioni njia, sioni nani anapita na nani.

Chumba cha mbele kabisa alikuwa amepanga Yusufu, fundi cherehani, mutu wa dini na wa maneno pole pole, kila neno analipima kwanza kama kitambaa. Tulienda kumuomba ile burashi yake ndogo ya kusafishia cherehani. Akatuuliza ni ya nini. Nikamueleza. "Mama… Hawa. Mu hii ugonjwa… watu wanatengeneza barakoa. Wewe… unatengeneza ndege." Nikasema ndiyo. Akatoa burashi. "Mu… irudishe." Lakini burashi haikutosha, maana kila akipiga pasi, taa za nyumba nzima zilikuwa zinalegea kama macho ya mutu mwenye usingizi, na kompyuta inazimika, fyu, na ndege na sisi wote ndani. Ikabidi turudi kumuomba na pasi yake. Akasema, wakati ndege iko juu, yeye atashona tu kwa mguu. Halafu akaongeza: "Lakini… museme… wakati inatua."

Deo akasema chumba chake kina joto, bati iko karibu na kichwa. Kwa hiyo kompyuta ikahamia kwangu, mu chumba ya wageni, ile yenye sakafu ya simenti ya baridi, tukaiweka juu ya meza ya kulia, chini yake matofali ili hewa ipite, na ubavu wake wazi, kama kuku aliyepasuliwa kwa kuoshwa. Nilifunika makochi na shuka sababu ya vumbi. Wageni hawakuwepo, ni nani angekuja mwaka ule? Ninavyokumbuka ile miezi, nakumbuka hiyo chumba: pazia ya kijani imefungwa, harufu ya tangawizi, Deo na bakuli ya maharagi ku magoti, anakula bila kuangalia kijiko, macho mu kioo. Mi niko nyuma yake ku kochi. Watu wangu wote wako mbali ao wamefungiwa, na mi niko naangalia mutu asiye wangu akipigania Yaya wangu. Kuna siku natembea mu hiyo chumba sasa, iko na televizyo ya wajukuu na viatu vyao, na ninatafuta wapi ilikuwa ile meza.

Baada ya joto ikaja kazi ya kupunguza. Deo alisema ndani ya kompyuta kulikuwa na programu nyingi zinafanya kazi chini chini bila kuitwa, moja inatafuta magonjwa, nyingine inatafuta habari mupya, nyingine hata yeye hakujua ilitoka wapi. Akazifukuza. Ndege ikapata nafuu kidogo, lakini kwikwi ikabaki. Basi akaja ku ulimwengu wenyewe. Akasema tuanze kutoa vitu, kimoja kimoja, na kila tukitoa tunajaribu.

"Mawingu?"

"Toa. Nataka kuona chini, sitaki kuona juu."

"Kivuli?"

"Toa."

"Mawimbi ya ziwa?"

"Yatulie. Toa."

"Magari mu barabara?"

"Ya nini? Yote yangekuwa yamefungiwa. Toa."

"Miti?"

Hapo nikafikiri. "Acha miti kidogo pa Gisenyi. Goma toa, kule ni mawe ya volkano tu."

"Moshi ya volkano, Mama. Hiyo inakula sana."

"Hapana! Nyiragongo bila moshi ni nini? Ni kilima cha Kanama! Yaya atanicheka." Tukabishana ile moshi jioni nzima. Alinionyesha: na moshi, kwikwi; bila moshi, inateleza. Na moshi, kwikwi. Bila moshi. Nikasema basi, toa, lakini nilisema kama mutu anayeng'olewa jino. Mwisho akapunguza hata picha yenyewe, ikawa ya kufifia pembeni, akaniomba musamaha, akasema itakuwa kama kuangalia bila miwani. Nikamwambia, "Deo mutoto wangu, mi bila miwani ndivyo naonaka hii Gisenyi yote. Hakuna kitu umenipunguzia."

Na ikateleza. Siku ile ilipoteleza mara ya kwanza, kutoka ufuko mpaka juu ya ziwa bila kukwama, Deo hakupiga kelele. Alitoa mikono, akaiacha iende yenyewe. Akaniambia, na sauti isiyo ya pua hata kidogo, kwamba siku moja angependa kuiendesha mpaka Masisi kwao, pale juu kwenye majani, lakini hajawahi. Mashini ilikuwa inashindwa, akasema. Sikumucheka. Kuna vitu hata mi sichekeaki.

Alitaka siku chache zingine, ajifunze vizuri kugeuka pale karibu na mupaka. Lakini Zaina akapiga simu asubuhi, bila salamu, bila kuvuta sauti. "Mama mudogo. Kama ni hiyo ndege, ije leo." Nikasema itakuja mbele ya adhuhuri.

Sasa, kwenda kuona mugonjwa, mutu haendi hivi hivi. Nilikuwa nimeamka. Nikapika. Nilipika sombe na mafuta ya mawese, nikakaanga sambaza mpaka zikalia mu meno, nikasonga bugari ya muhogo, maana Yaya ya mahindi aliiita chakula ya kuku. Chai mu termosi. Nikaoga, nikajipaka mafuta, nikavaa nguo ya kutoka, nikajifunga kitambaa ku kichwa. Nikafunika vyakula na kitambaa safi, nikabeba kapu mpaka chumba ya wageni, nikaiweka ku meza karibu na kompyuta. Deo akaangalia kapu. Akaniangalia. Akaenda chumbani kwake, akarudi amevaa shati nyeupe na soksi. Na Yusufu naye akatokea, amezima pasi, amevua viatu ku mulango, akakaa pembeni ya kochi. "Nimekuja… kuona tu," akasema. Deo akapiga alama ya musalaba. Mi nikasema bismillahi. Yusufu akasema, "Ni… kompyuta… tu." Na mbele hajamaliza kulisema, akasema bismillahi na yeye.

Tulipanda kutoka kile kiwanja chetu cha ndege pale pale Gisenyi. Niliona barabara ya ufuko, niliona miti yangu. Halafu maji, yametulia kama sahani. Deo akainamisha bawa, na bariyeri ikapita chini yetu. Hakuna mutu aliyetusimamisha. Hakuna aliyeuliza karatasi. Ni kupepesa macho, na uko kule. Mwaka mzima ule nilisimama mbele yake, na ni kupepesa macho.

"Hapa ni Birere, Mama," Deo akasema.

Nikainama mpaka pua ikagusa kioo. Paa nyekundu. Paa nyekundu za vigae, zimepangwa kwa mustari, na majani ya kijani yaliyokatwa vizuri, na mu moja ya nyumba kuna piscine, bwawa la kuogelea. Piscine, Birere! "Deo," nikasema, "umekosa njia." Akasema hakukosa. Akasema pole pole kwamba mashini haijui nyumba za watu. Inajua tu kwamba pahali hapa watu wanakaa, basi inajipangia manyumba yenyewe, kama inavyoona vizuri. "Nilidhani unajua, Mama." Sijui kama nilijua. Mukono yangu ilikuwa juu ya kapu, na sombe ilikuwa bado ya moto.

Ndipo simu ikalia. Zaina. Na huyu Zaina alikuwa anacheka na kulia, sikuweza kutenganisha. "Ametoka nje, mama mudogo! Ametoka na miguu yake! Ameshika kitenge anapunga! Majirani wote wametoka!" Halafu nikasikia kugombania simu, na ile sauti.

"Mudogo! Uko wapi?"

"Niko juu yako, Yaya."

"Juu wapi? Upande ya ziwa ao upande ya volkano?"

Nikaangalia Deo. Deo akasema na midomo tu: ziwa. "Ya ziwa, Yaya."

Nikasikia anageuka, anapumua kama mutu anayepanda mulima, anafokea mutu kule: "Toa kichwa yako hapo, unanizibia!" Na wale majirani wanauliza, mama, unaangalia nini, na yeye: "Naangalia mudogo wangu. Nyamazeni." Kisha kwangu: "Unaniona?"

Niliangalia paa moja, niliangalia ya pili, niliangalia ile piscine. Nilitafuta, wallahi, nilitafuta kama mutu aliyeangusha sindano. "Sikuoni, Yaya. Hapa wamejenga nyumba zingine."

Yusufu akainamisha kichwa. Mi nikafikiri, sasa nimemuvunja Yaya.

"Wajinga," Yaya akasema. "Wamejenga bila kuniuliza." Akavuta pumzi. "Haidhuru. Mi nakuona."

"Unanionaje?"

"Nakuona vizuri kabisa. Uko ku dirisha. Umevaa kitenge yangu ya tausi, ile uliniibia."

Nikajiangalia. Ilikuwa ku mwili yangu.

"Sikuiiba, ulinipa!"

"Uliiba. Na umekonda. Huko hawakulishi?" Pumzi yake ilikuwa inakuja na kwenda ndani ya sikio yangu, nzito, karibu sana. "Huyo dereva yako ni muzuri, haendi mbio. Umwambie azunguke tena, sijamaliza kukuangalia."

Sikuhitaji kumwambia. Deo alikuwa ameshainamisha bawa, pole pole, juu ya zile nyumba zisizo za mutu, na ndege ikazunguka, bila kukwama hata mara moja.